Tangu Mombasa Hukumtaja Mume Wetu

Mtani wangu Kalunde,

Nakuandikia kutoka Temeke, nyumba ile ile, chumba kile kile cha mbele ulichokuwa ukiingia bila hodi na kufunua sufuria kabla hujanisalimia. Uzima ninao, ukihesabu viungo tu. Zaidi ya hapo nimechoka, mtani. Nimechoka mpaka kalamu naiona nzito. Baba Yakobo amelazwa hospitali ya mjini, leo siku ya tisa, kifua kile kile cha vumbi la mkonge wa bandarini. Asubuhi nesi ameniambia nirudi nyumbani nikajinyooshe kidogo, niende tena saa kumi wakati wa kuona wagonjwa. Nimejinyoosha, usingizi umekataa, ndipo nikatafuta karatasi.

Najua husomi. Atakusomea mtu, labda mwalimu wa shule ya huko kwenu Tabora, labda mtoto wa shemeji yako. Basi wewe unayemsomea, kama u mkubwa shikamoo, kama u mdogo marahaba. Soma kwa sauti, usiruke kitu, na waliokaa hapo wasikie, sina la kuficha tena. Kuna mambo Kalunde anayajua kuliko mimi, lakini wewe huyajui, kwa hiyo nitayaeleza, usije ukakwama katikati ukaanza kumwuliza maswali huku analia. Au anacheka. Kwake huyu si rahisi kujua.

Unakumbuka tulivyokutana, Kalunde? Bombani, foleni ya madebe, mie mgeni hapa Temeke, ndiyo kwanza nimetoka kwetu Maneromango. Ulinipita mbele bila haya. Nikakusukuma, ukanimwagia debe zima la maji, nikasimama nimelowa, kanga imenigandia, watu wote kimya wakingoja vita. Ukaniuliza, "Kwani wewe kabila gani, mbona una moto?" Nikakujibu, Mzaramo. Ukaweka debe chini ukanikumbatia na maji yangu yote. "Kumbe mtumwa wangu! Wa kwetu Unyamwezi sie tulikuja kuwanunua nyie kwa chumvi!" Nami nikakuambia babu yako alifika pwani amebeba pembe za ndovu za watu kichwani, na shingo mliyonayo mpaka leo mmeirithi hapo. Tukacheka mpaka foleni ikatupita. Tangu siku hiyo hukuniita jina langu hata mara moja. Mtumwa, Mzaramo, maiti, mla nazi. Mtu mwingine akiniita hivyo nampeleka kwa mzee wa mtaa. Wewe ulikuwa na haki, kwa sababu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani akikutukana ndipo unajua unapendwa.

Na Petro wako. Seremala wa reli, mfupi, mpole, ndevu tatu kidevuni alizozitunza kwa kitana. Huyo nilimfanya mume wetu tangu wiki ya kwanza. Kila asubuhi nikipita na debe langu nilisimama dirishani kwenu. "Mtani, mume wetu kaamkaje? Umempa uji? Usimchoshe, Jumapili zamu yangu." Naye Petro huko ndani, kabla hujajibu wewe, alisema, "Jumapili nipo kanisani, njoo Jumatatu." Kila siku maneno yale yale, na kila siku tulicheka. Baba Yakobo alikuwa akitikisa kichwa tu, anasema wanawake nyie mtachomwa moto. Nadhani kwa miaka mitano haikupita siku sijamtaja mume wetu. Shika hilo, wewe unayesoma.

Halafu ikaja safari. Mwalimu wetu wa kanisa, Kalunde unamjua, mtu mwema lakini mkavu, alipata barua kutoka Kenya. Kulikuwa na Wakristo wachache vijijini kwa Waduruma, nyuma ya Mombasa, waliotaka watu wa kwenda kuwatia nguvu, kuimba nao na kufundisha akina mama. Tukachaguliwa watu kumi na mmoja. Wengi wetu hatukuwa tumevuka hata mto Wami. Tulifua vilemba vyeupe, tukapika maandazi ya njiani, tukajiona mitume.

Asubuhi ya kuondoka Petro alikuwa na homa. Ulisimama mlangoni umefunga mzigo na hutoki. Akakuambia kutoka kitandani, "Nenda, Mama. Homa hii yangu mwenyewe, haihitaji watu wawili." Wewe ukanitazama mimi. Kalunde, hapa kalamu inasita. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuvuta. Nilisema, "Twende bwana, mume wetu anakufukuza apumzike na mdomo wako." Ukacheka, ukatoka. Lile neno langu limelala na mimi usiku wa miaka mitatu.

Kule kwa Waduruma sitasema mengi, nikianza tutakesha. Tulitembea. Kama kuna kitu nakumbuka ni kutembea, jua la utosi, kijiji hadi kijiji, visigino vimepasuka, tunalala juu ya mikeka darasani na kuamka mgongo umekuwa ubao. Kila tulipofika walitupa muhogo na kutuomba tuimbe. Ndipo ulipotuaibisha sie wenye vitabu. Mie nilikuwa nafunua kurasa natafuta namba ya wimbo, wewe umeshafika ubeti wa tatu, beti zote kichwani, hujui herufi moja. Wale akina mama walikuzunguka wewe. Jioni moja bibi mmoja alikuuliza umeyasomea wapi maneno yote hayo, ukamjibu, "Kwa mtumwa wangu huyu hapa. Yeye ananisomea, mie ninakula." Nilijisikia fahari, ingawa sikukuambia. Mtani haambiwi mambo kama hayo.

Wiki tatu zikaisha, tukarudi Mombasa mjini kulala usiku mmoja kabla ya kupanda basi. Ulikwenda sokoni na wenzetu ukarudi na kofia ya pama, ya rangi ya majani makavu, ukaivaa mwenyewe ukatembea nayo uani kama Petro anavyotembea. Wote walicheka. Mimi sikuwepo hapo. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko la wenyeji wetu, nimesimama na Mwalimu, na Mwalimu ana karatasi ya simu ya maandishi mkononi.

"Petro amefariki," akasema. "Siku nne sasa. Wamekwisha kumzika."

Kutoka uani nikasikia unaiga sauti ya mumeo.

"Tumwambie sasa hivi," nikasema.

"Hapana." Akaikunja ile karatasi. "Msafiri hapewi msiba njiani. Nyie hamjui hilo? Siku tatu kwenye basi, azimie Handeni porini, nitamfanyaje? Ataambiwa kwake, amekaa kwenye mkeka wake, ndugu zake wamemshika. Nitawaambia wengine. Na wewe Mama Yakobo, wewe ndiye kazi yako kubwa kuliko yetu. Mtanie. Mtanie kama siku zote. Ukinyamaza wewe, atajua."

Ndiyo desturi yetu, wala simlaumu. Hata kwetu Maneromango ndivyo inavyofanyika. Mtu yuko ugenini, nyumbani wanaandika mgonjwa hajambo kidogo, na huyo mgonjwa yuko chini ya udongo. Nilisema ndiyo. Nikanawa uso kwa maji ya birika nikatoka uani. Nikakuona na ile kofia, nikakuambia, "Ivue, Mnyamwezi, kichwa chako kitaipasua." Ulicheka sana. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Mtani, nimezaa watoto watatu na nimelima mpunga kwenye tope la magoti. Sijafanya kazi ngumu kama ile. Tulivuka maji pale Likoni asubuhi, tukapanda basi la Tanga, mbao za kukalia hazina hata godoro, vumbi linaingia kwenye meno. Ukakaa dirishani, mimi ubavuni mwako. Nikaanza. Nilitukana meno yako. Nilitukana miguu yako, nikasema Waduruma walidhani ni ya ndovu. Nilitukana kukoroma kwako kwa usiku kucha. Nikamleta babu yako na pembe zake. Nawe ulijibu, kila neno na jibu lake, na watu wetu wote waliokuwa nyuma walicheka kupita kiasi. Hukuona jinsi walivyocheka? Mtu anapiga paja kwa jambo lisilo na kichekesho. Kila mtu alikuwa anakupa kitu. Huyu ndizi, huyu chungwa limemenywa, yule kanga ya kuegemea. Tulipofika Tanga kulala ulisema, "Leo nimekuwa malkia, mie." Nikakuambia malkia gani ana visigino hivyo.

Siku ya pili, Korogwe, Handeni, njia ya udongo mwekundu isiyoisha. Karibu na Handeni maji ya injini yakachemka, dereva akatushusha wote tukakaa pembeni mwa barabara zaidi ya saa mbili. Hapo utani ulinikaukia. Nilitafuta neno kichwani nikakuta hakuna, pamebaki jina moja tu ambalo siwezi kulitamka. Mume wetu. Lilikuwa linakuja lenyewe mdomoni, kwa mazoea, nami nalimeza. Nilijaribu mara moja, nakuapia. Nilifungua mdomo niseme mume wetu atatupokea na nini. Nikaishia kukohoa, nikajifanya nimekabwa na vumbi. Ukanipiga mgongoni polepole. Hukunitania kwa kukabwa kwangu, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Tulifika Morogoro tumekuwa watu wa rangi moja. Asubuhi ya siku ya tatu, tunakunywa chai ya rangi kwenye kibanda cha kituo, ulisimama ukaitoa ile kofia kwenye mzigo ukampelekea Mwalimu.

"Vaa wewe, Mwalimu. Jua la leo kali."

Mwalimu aliishika akaiweka magotini. "Hii si ya mumeo?"

"Nimeiona kubwa. Vaa."

Akavaa. Ilimfikia masikioni. Mimi nilifurahi, unasikia Kalunde? Nilifurahi kijinga kwamba umeghairi, kwamba hatutafika nyumbani umeshika zawadi ya marehemu mkononi. Nikasema Mwalimu sasa kapendeza, tumtafutie mke wa pili. Watu wakapiga mapaja.

Kutoka Morogoro mpaka hapa ni maili mia na ishirini, na mimi nilihesabu kila kilima. Chalinze. Daraja la Ruvu. Ulikuwa umelala, au nilidhani umelala, kichwa begani kwangu, na bega limekufa ganzi lakini sikulisogeza. Tulipofika Kibamba ukaamka ghafla ukamwambia dereva asimame, tumbo linakuuma. Ukashuka. Hukwenda vichakani. Ulikaa juu ya jiwe pembeni ya barabara, umenyoosha miguu, unaangalia tulikotoka. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nikashuka nikakufuata nikakuambia, "Mnyamwezi, ukibaki hapa fisi watakuoa." Ukasema, "Waache, huenda wakawa na huruma kuliko nyie." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilidhani unanitania. Nikakuinua, nawe ukainuka uzito wako wote ukiwa mkononi mwangu. Kuanzia hapo hadi Ubungo hukujibu neno langu hata moja, nami nikanyamaza, sababu nilikuwa nimekwisha.

Kanisa lilituma gari litungoje Kariakoo litufikishe Temeke. Wewe unayesoma, umewahi kuingia mtaa wako na kukuta mabenchi yamepangwa nje ya nyumba moja, wanaume wamekaa kimya, na wote wanainuka kwa pamoja? Nilikushika mkono tayari kukudaka. Hukuanguka. Hukupiga kelele. Ulipita katikati yao ukasema, "Nimefika," ukaingia ndani, ukakaa kwenye mkeka, ukamwambia dada yake Petro, "Haya, sasa niambieni." Wakakuambia, ndipo ulipolia, na kilio kile sitaki kukisikia tena hapa duniani.

Watu walisema ulishtuka sana mpaka machozi yakachelewa. Nami niliamini.

Siku zilizofuata mimi kama mtani nilikuwa na kazi. Kwenye msiba mtani ndiye anayemfanya mfiwa ale, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anatukana wafiwa mpaka wacheke bila kutaka. Mwingine hawezi, ni haki yake na deni lake. Nilishindwa. Nilivaa koti la Petro, nikafika mlangoni kwako, nikasimama hapo nalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Ikabidi aitwe Mzaramo mwingine kutoka Keko aje anifanyie kazi yangu. Aliifanya vizuri. Nilikusikia ukimcheka kidogo, nikaumia.

Kwa sababu mimi nilikuwa na jambo moja tu la kunipa usingizi. Nilijiambia, ni kweli nilimvuta mkono akamwacha mumewe mgonjwa, ni kweli nilicheka siku tatu juu ya mtu aliyezikwa, lakini nilimbeba. Nilimfikisha. Siku tatu zile Kalunde hakuteseka, na ni mimi niliyezilipia. Hilo nililishika kwa mikono miwili.

Ndipo ukaja kunipokonya hilo pale stesheni.

Shemeji yako alikuja kukuchukua mkarudi kwenu Tabora, arobaini imepita. Nilikusindikiza. Tulikaa juu ya sanduku lako, treni imeshaingia, watu wanapitisha kuku madirishani. Ukaniambia, "Mzaramo, nikuambie kitu usinipige."

"Sema."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Petro. Nilijua tulipolala Tanga. Tangu Mombasa hukumtaja mume wetu. Umenitukana meno, umenitukana miguu, babu yangu hukumwacha apumzike. Mume wetu, kimya. Mchana kutwa nangoja. Nikasema labda kachoka, atamtaja jioni. Jioni ikapita. Usiku nikajua."

Nilikuwa sioni vizuri. "Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza, mngeniambia."

"Sasa si ndiyo?"

"Sasa ndiyo nini? Mngeniambia, ningekuwa mjane pale pale Tanga, kwenye nyumba ya watu. Hamjaniambia, bado nina mume. Nikasema basi, waniache naye. Nikaja naye. Kibamba nikaona tumekaribia mno, nikataka tubaki."

Hayo ndiyo maneno yako, sijaongeza. Na mimi, badala ya kukukumbatia kama ulivyonikumbatia siku ile ya debe, nilisimama. Nilikuambia, "Kumbe ulinifanya mwehu. Siku tatu natapika utani, roho inanitoka, kumbe wewe unanitazama tu." Ukasema, "Mzaramo, kaa." Sikukaa. Nikaondoka treni haijapiga hata filimbi. Nilitembea kwa miguu mpaka Temeke kwa hasira, na sikukuandikia miaka mitatu. Wewe huandiki, lakini ulinitumia salamu mara mbili kwa watu wa reli, nikazipokea bila kurudisha.

Leo nakuambia hasira ile ilikuwa ya nini. Uliniondolea kitu pekee nilichokuwa nacho. Kama ulijua, basi sikukubeba mimi. Ulijibeba mwenyewe, ukanibeba na mimi, ukawa unajibu utani wangu mmoja mmoja ili nisijue kwamba unajua, nisije nikavunjika kabla ya Morogoro. Nilikuwa sitaki deni hilo. Nilitaka wewe ndiye uwe na deni langu. Ndivyo nilivyo, mtani, na unanijua.

Na nisingeelewa mpaka kufa, kama si siku tisa hizi.

Mapema leo, kabla sijakaa kuandika, nilikuwa kitandani kwa Baba Yakobo tangu alfajiri. Alilala upande, anapumua kwa shida, hakunijibu nilipomwita, lakini jana pia hakunijibu. Kaka yake alikuwepo. Daktari akaja, wakanitoa nje kidogo. Yule nesi, mtani, yule nesi tangu siku ya kwanza ananifokea. Kikapu changu kibaya, uji wangu umepoa, nakaa kitandani wakati hairuhusiwi. Leo alitoka akaniita mama. Akasema, "Mama, nenda nyumbani ukajinyooshe, utarudi saa kumi." Akakichukua kikapu changu akanibebea mpaka getini. Getini akanifunga vizuri kanga begani.

Nikamshukuru. Sikuuliza kitu. Shemeji alisema yeye atabaki, ana maneno mawili na daktari. Nikapita Keko kwa miguu, njia ndefu, nikasimama kuangalia vitambaa ambavyo sikuwa na nia ya kununua. Nilipofika hapa nikafunga mlango, nikalala chali, nikaamka, nikatafuta karatasi. Na tangu nilipoanza barua hii nimekuwa nikisikia mtaa. Kuna watu wanaongea polepole uwanjani. Mwalimu nimeisikia sauti yake, hajabisha. Mtu amefagia mbele ya nyumba yangu, na leo si zamu ya mtu kufagia.

Sasa nakuelewa, Kalunde. Nilipokuvuta mkono pale Kibamba, nilikuwa nakuvuta kutoka kwa mumeo. Unisamehe kwa hilo. Unisamehe kwa asubuhi ile ya homa, na kwa stesheni. Kama bado una utani na mimi, njoo. Panda treni uje ufanye kazi yako, maana Wanyamwezi wa hapa hawanitanii tena, kila mtu ananiita dada. Njoo unitukane. Uvae koti lake, litakufika magotini, utembee uani kama yeye, na mimi nitajaribu kula.

Jirani yangu Bi Zaituni amebisha hodi sasa hivi, ndiyo maana mwandiko umepinda hapa. Macho mekundu, kajifunga kanga kiunoni. Amesema, "Dada, naomba ile sufuria yako kubwa ya shughuli." Nimeinama uvunguni nikaitoa, nikaifuta vumbi, nikampa. Alingoja kidogo mlangoni nimwulize wanapika nini. Sikumwuliza. Nimerudi kuandika.

Mimi mtani wako,
mla nazi, mke wa Baba Yakobo.